Mkanda Mwekundu wa Mwaka wa Mbwa

Agosti 13, Jumapili

Daftari hili si langu. Ni la marehemu mume wangu, Qu Deshun, ambaye aliandika humu kila mechi ya mwanetu tangu mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja: tarehe, hali ya hewa, dakika alizocheza, basi. Hakuna neno tamu hata moja. Alipokufa zilibaki kurasa tupu, na mimi sipendi kutupa kitu, kwa hiyo naendelea. Ila nitaandika ninavyotaka mimi, na yeye huko aliko anune.

Jua kali. Mwanetu yuko Ureno, ligi daraja la pili, timu ya mji mdogo uitwao Vale Alto ambao nasikia hata Wareno wenyewe hawaujui. Kwao mechi ni saa tano asubuhi, kwetu hapa Dalian ni saa kumi na mbili jioni, watu wanafunga vibanda. Simu yangu kuukuu, haionyeshi mpira. Nimelazimika kumwomba Mzee Luan, fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu cha kupunguza suruali. Tumetazamana hivyo miaka ishirini na bado mdomo wake sijauzoea. Anajua kila kitu kuhusu mpira, anajua kila kitu kuhusu kitambaa pia, na hajawahi kushika sindano ya cherehani.

Alinipa kigoda, akaegemeza simu kwenye kopo la gundi. Mwanetu alikaa benchi mechi nzima, amejifunika taulo kichwani. Luan akasema kocha anamficha makusudi ili wapinzani wasimjue. Nikamwambia basi kamficha vizuri sana.

Dakika sifuri.

Agosti 20

Mvua. Dakika sifuri. Luan alitafuna vitunguu vibichi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Septemba 3

Mawingu. Dakika sifuri.

Kampuni moja ya huku ya kutengeneza betri imeandikwa kwenye jezi za Vale Alto, na mashabiki wa kule wanasema mwanangu aliletwa pamoja na tangazo. Luan kasoma kwenye simu kwamba akienda kupasha misuli moto kando ya uwanja wanamwita "Betri". Luan amekasirika kuliko mimi. Alisema yeye anamjua huyu mtoto tangu anakuja kugundishiwa viatu, na kwamba hakuna Mreno atakayemwambia lolote. Nilimwacha aseme.

Septemba 17

Upepo. Dakika saba.

Aliingia dakika ya themanini na tatu. Mtangazaji akamtaja: Linbai. Wareno wanalivuta hilo jina, "Limbaai", kama mtu anayemwita mtoto kutoka dirishani. Luan akajipiga paja. Mimi nilijifanya nimeingiwa na uzi jichoni.

Acha niandike, maana Deshun hakuwahi kuliandika, na nikifa mimi hakuna atakayejua. Nilizaa watoto wawili. Wa kwanza Linsong, nyumbani Songzi, wa mwaka wa Mbwa kwa hesabu yetu ya wanyama kumi na wawili. Miaka miwili baadaye nikamzaa Linbai, tulimwita Bai, wa mwaka wa Panya. Huyu wa pili sheria haikumtaka, siku zile ruhusa ni mtoto mmoja, tukalipa faini, nami nilimbeba sokoni kifua mbele. Alikufa akiwa na miaka mitano, homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu. Kwetu mtoto mdogo hachimbiwi kaburi. Hospitali walibaki naye, sisi tukarudi nyumbani na viatu vyake. Deshun hakwenda kuandikisha kifo. Alisema miguu haimbebi kwenda kule, na nadhani siku zile ilikuwa kweli.

Songzi alipofika miaka kumi na mmoja, shule ya mpira ya jiji ilikuwa inachagua watoto wa miaka tisa. Nafasi kumi na nane. Deshun alikuwa na rafiki kituo cha polisi. Alitoa kabatini kitabu cha kaya, ambamo polisi huandika watu wa kila nyumba, akaniambia ni jambo dogo, ni majina tu, moja litoke na jingine libaki. Nilisaini mimi, kwa mkono huu. Nilisaini kwamba mwanangu Linsong amefariki. Songzi alikuwa amesimama mlangoni anakula tofaa, anatusikiliza.

Tangu siku hiyo anayecheza ni Bai.

Oktoba 4

Sikukuu ya mwezi. Alinipigia, nikamwona anakula mkate na dagaa wa kopo. Kakonda. Nilimwita "mwanangu" muda wote. Kwenye simu simwiti jina, nimeshazoea hivyo.

Oktoba 15

Jua. Dakika thelathini na moja. Kocha wao ni mzee, ana tumbo, lakini ameanza kumwona.

Novemba 19

Baridi ya kwanza ya kweli. Dakika tisini, na goli.

Alianza winga ya kushoto. Alimpita beki mara tatu kwa njia ile ile moja, mpaka nikamwonea huruma beki. Ya nne akaingia ndani na kupiga chini kabisa kwenye kona ya goli. Wale wale waliokuwa wanamwita Betri walisimama wakaimba Limbai, Limbai, na kibanda cha Luan kikajaa watu. Muuza ngisi akaleta ngisi wa kuchoma, mwingine akaleta bia, na mimi nikanywa.

Watu walipoondoka, Luan alibaki anafuta meza. Akasema mwanawe Zhanpeng naye alikuwa na mguu mzuri sana, tena wa kushoto. Walichukua kumi na wanane, Zhanpeng akawa wa kumi na tisa. Mvivu, alisema, hakukimbia vya kutosha. Hayo huyasema kila akinywa, na mimi kila mara nakumbuka kwamba nimeacha sufuria jikoni. Leo pia nilikumbuka sufuria.

Zhanpeng sasa anaendesha winchi bandarini.

Desemba 22

Siku fupi kuliko zote. Nilitengeneza jiaozi, vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye samaki nguru ndani, vingi kupita kiasi. Luan alikuja na bakuli lake bila kualikwa, akasema chumvi imezidi, akala ishirini na sita.

Januari 9

Theluji. Klabu kubwa ya daraja la kwanza inamtaka mwanangu, asaini mwezi wa Juni. Luan alinisomea kwa sauti soko zima lisikie: ana miaka ishirini na mmoja tu, bado anakua, hajafika kilele chake. Nilikuwa napunguza suruali ya mteja. Mguu mmoja niliukata mfupi kuliko mwingine na ikabidi nimlipe.

Anatimiza miaka ishirini na minne mwezi wa nne. Goti la kulia linamuuma asubuhi, kaniambia mwenyewe.

Januari 21

Dakika tisini. Pasi ya goli. Lakini si hilo linaloninyima raha.

Mwezi ujao unaingia mwaka wa Mbwa. Mwaka wa mnyama wako ukirudi, kila baada ya miaka kumi na miwili, ndio mbaya kwako kuliko yote, na mtu hujifunga mkanda mwekundu kiunoni mpaka uishe. Deshun alikuwa wa mwaka wa Farasi. Mwaka wake uliporudi, miaka minne iliyopita, nilimshonea mkanda. Akasema nyekundu ni ya wanawake, akauacha kwenye kochi. Mwezi wa tatu alianguka kutoka ngazi ya meli kule karakana alikofanya kazi, akafa, na mkanda bado uko kabatini.

Na mwaka wa Mbwa uliopita, Songzi akiwa na miaka kumi na miwili shuleni kwao, nilimshonea pia. Deshun akauchoma kwenye jiko. Alisema mtoto wa Panya akionekana na nyekundu mwaka wa Mbwa, hata mpumbavu atajua. Vuli hiyo Songzi alivunjika mfupa wa bega.

Sasa Deshun hayupo wa kunichomea. Lakini maneno yake bado yapo, na Juni bado iko mbele. Nikiutuma nikakosea, mtoto anapoteza kila kitu. Nisipoutuma akavunjika mguu, nitajiambia nini?

Januari 28

Nimeushona. Pamba, mikunjo miwili, mishono midogo ya mkono kwa sababu cherehani inaufanya mgumu. Nimeuweka ndani ya soksi za sufi, soksi ndani ya mfuko wa mwani mkavu. Nimemwandikia karatasi: vaa chini ya kila kitu, hata ukioga usiwaonyeshe wenzako.

Februari 15

Mkesha wa mwaka mpya. Mzigo haujafika. Niliweka mabakuli manne mezani kama kila mwaka, nikala kutoka kwenye moja.

Februari 25

Dakika tisini. Mzigo umefika. Hakusema chochote kuhusu mkanda, alisema mwani mtamu.

Machi 4

Ukungu. Dakika themanini na nane, nimeambiwa baadaye.

Alifunga dakika ya hamsini na mbili, kwa kichwa, yeye ambaye tangu utoto anaogopa kupiga kwa kichwa. Alikimbilia kwenye kibendera cha kona, akaivuta jezi juu mpaka kifuani. Na mkanda ulikuwa pale. Haukuwa chini ya kila kitu. Alikuwa ameufunga juu ya kaptura, fundo mbele, na kamera ikasogea karibu kiasi kwamba niliona mishono yangu. Mtangazaji akaita Limbai, Limbaai, uwanja ukaitikia.

Nilicheka kwanza. Naandika ukweli: nilicheka kwa furaha, kwamba ameuvaa. Kisha nikamgeukia Luan.

Alikuwa hatazami simu. Alikuwa anatazama kiganja chake, na kidole gumba kinatembea juu ya pingili za vidole vingine, Panya, Ng'ombe, Simbamarara, kama tunavyohesabu miaka sote hapa. Kilizunguka, kikasimama, kikaanza tena.

"Shemeji," akasema, "mwanao ni wa mwaka gani?"

"Panya." Neno hilo nimelisema miaka kumi na mitatu, linatoka lenyewe.

"Wa Panya hajifungi nyekundu mwaka wa Mbwa."

Nikamwambia mwaka mpya bado mbichi, vijana wanavaa nyekundu kwa furaha tu, ni pambo. Akasema pambo mtu hununua dukani. Ule umeshonwa kwa mkono, na mtu hashoni vile kama haogopi.

Akachukua kiatu cha mteja, akakiweka chini, akakichukua tena.

"Nilikuwa nawagundishia viatu watoto wote wale," akasema. "Wenzake walivaa namba thelathini na tatu. Wa kwako thelathini na saba. Nikajisemea, mtoto wa Deshun ana miguu mikubwa, huyu atakuwa mrefu."

Akailaza simu kifudifudi. Nilipitia kibanda changu nikachukua mfuko, nikaenda nyumbani bila kufunga komeo.

Machi 5

Luan hakufungua.

Machi 6

Hakufungua.

Machi 8

Leo alikuja. Alibeba kigoda chake akavuka njia, akakaa ndani ya kibanda changu kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu yangu pia, kwamba kila mzazi alifanya, kwamba nusu ya watoto wale hawakuwa na miaka tisa, na huenda ni kweli.

Hakutukana. Alisema siku majina yalipobandikwa, Zhanpeng alisoma orodha mara mbili kisha akasoma na nyuma ya karatasi. Walipofika nyumbani alimpiga mtoto kwa kiatu, kwa sababu hakukimbia vya kutosha. Akamwambia yeye ni mvivu.

"Nimemwambia hivyo miaka kumi na mitatu," alisema. "Juzi mwaka mpya nimemwambia tena, mezani, mbele ya mchumba wake. Kumbe alikuwa anakimbizana na mtoto wa miaka kumi na mmoja."

Nilimuuliza kama ataandika barua kwa wakuu wa mpira. Nilimuuliza kwa ukali, kama vile mwenye kosa ni yeye. Akasema hana haja ya kuandika kwa mtu yeyote.

"Nenda kamwambie Zhanpeng. Wewe, kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia atadhani namliwaza."

Alibeba kigoda chake akaondoka. Nimemwita mpayukaji miaka ishirini, na kila siku ya miaka hiyo amenisalimu asubuhi kabla sijamsalimu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mdomo wake unaniudhi. Ulikuwa unaniudhi kwa sababu una jina la Zhanpeng ndani yake.

Sikwenda bandarini.

Machi 9

Nilimpigia mwanangu alasiri, kwao asubuhi. Nilimwambia fundi viatu amehesabu, na kama yeye amehesabu, wengine watahesabu. Nilisema aseme ni pambo. Nilisema autupe mkanda baharini.

"Nilijua, Mama," akasema. "Niliufunga juu makusudi."

Nikamfokea. Nikamtajia klabu kubwa, Juni, baba yake aliyemkimbiza ufukweni kwenye barafu, bega lake, goti lake, mimi na cherehani yangu. Nilisema mengi. Alinisubiri nimalize.

"Tangu nina miaka kumi na mmoja sijawahi kufunga goli hata moja. Yote ni ya Bai. Wakiimba, wanamwimbia Bai. Nikifika mahali, kafika Bai. Nilipoufungua ule mfuko nikauona mkanda wa Mbwa, nilikaa chini bafuni nikalia. Nikasema, kumbe mama bado anakumbuka kwamba mimi nipo."

Ningepaswa kusema kitu hapo. Mama mwingine angesema. Mimi nilimwomba avumilie mpaka Juni, asaini kwanza, kisha tutaona. Naona aibu kuliandika lakini ndivyo nilivyosema. Akajibu, "Sawa, Mama," kwa sauti ya mtu anayeongea na ofisa, akakata.

Machi 14

Hakusubiri. Jana alimwambia kocha wake kila kitu, jina, miaka, mdogo wake. Yule mzee alimsikiliza, akamshika mkono, kisha akamwomba atoe vitu vyake kwenye kabati la wachezaji kabla wenzake hawajaja. Leo klabu kubwa imesema haina habari naye tena.

Picha ya mkanda imesambaa huku kwetu. Watu elfu ngapi sijui wamekaa wakahesabu kwa vidole. Hata asingesema, wangefika.

Machi 17

Wakuu wa mpira wamemfungia miaka miwili, nchi yoyote. Waandishi wawili walikuja kibandani. Niliendesha cherehani kwa kelele mpaka wakaondoka. Wateja wanachukua suruali zao bila kuzijaribu.

Machi 18

Jumapili. Vale Alto wamecheza bila yeye. Luan hakuwasha simu na mimi sikuvuka.

Machi 24

Nimekwenda bandarini.

Nilimsubiri Zhanpeng chini ya winchi mpaka zamu yake iishe. Ni mrefu, mikono mirefu kama ya baba yake, alidhani nimekuja kumwambia Luan anaumwa. Nilimwambia hapana, nimekuja kwa jambo langu. Nikasema lote nikiwa nimesimama, sikupunguza. Nilisema Songzi alikuwa na miaka kumi na mmoja, nilisema nani alisaini. Nilisema nafasi ya kumi na nane ilikuwa yake yeye, na kwamba hakuwa mvivu.

Alivua glavu moja akaivaa tena. Aliuliza kama ni kweli kumi na mmoja. Nikasema ndiyo, na miezi mitano.

"Siku ya mwisho ya majaribio nilimpokonya mpira," akasema. "Mara moja tu. Nilimtangazia baba, hakuniamini." Akatazama juu kwenye winchi yake. "Basi nilimpokonya mtu wa miaka kumi na mmoja."

Nilitaka kupiga magoti, akanishika kiwiko. Akasema, "Shangazi, nenda nyumbani, hapa kuna upepo." Hakusema amesamehe. Alinisindikiza mpaka getini, akaniambia mwanangu akirudi asije kumwona kwanza. Nikasema nimeelewa.

Aprili 5

Siku ya kusafisha makaburi. Nilimfagilia Deshun kaburi lake na nikamgombeza mbele ya watu. Nilimwambia mkanda wake bado uko kabatini. Nilimwambia alituchukua sote wanne akatuingiza kwenye kitabu kimoja, na sasa nani anatoka. Mwanamke wa kaburi la jirani akanipa karatasi ya kujifutia.

Bai hana kaburi la kufagia. Sikuwahi kulalamika juu ya hilo, na leo najua sababu. Nilikuwa sina haja nalo.

Aprili 20

Songzi amefika. Mkoba mmoja na viatu vyake vya mpira vimefungwa kamba shingoni. Uwanja wa ndege nilikuwa nimejiapiza kumwita kwa sauti, jina lake, watu wote wasikie. Alipotokea mlangoni jina halikutoka. Nilimpungia mkono tu, kama ninavyompungia dereva wa teksi.

Analala mchana. Akiamka anakaa kitandani anatazama miguu yake. Jana nilimuuliza anataka kula nini, akasema chochote. Amepata alichotaka na hajui akifanye nini, na sauti anayonijibu nayo ni ile ile ya simu.

Aprili 29

Mvua nyepesi. Alikuja kunisaidia kibandani. Alinyoosha suruali na pasi vizuri tu. Luan alimtazama kutoka ng'ambo asubuhi yote. Mchana akavuka, akachukua vile viatu vya mpira vilivyokuwa vinaning'inia kwenye msumari, soli imeachia, akaenda navyo. Jioni alivirudisha vimegundishwa. Na viatu vyenyewe hana pa kuvivalia.

Mei 10, Alhamisi

Kituo cha polisi, Songzi na mimi. Rafiki wa Deshun alishastaafu. Yupo binti mdogo, mpole, anachapa kwa vidole vyote. Alieleza kwamba Qu Linsong kwenye kitabu ni marehemu, na ili arudi lazima kwanza Qu Linbai aondoke. Alisema "aondoke" kwa upole kabisa.

Akauliza tarehe ya kifo. Nikamwambia. Akauliza sababu. Nikamwambia. Akauliza kwa nini haikuandikishwa wakati ule, na Songzi akajibu badala yangu: "Baba hakuwa na nguvu ya kuja." Sikujua kwamba alilijua hilo.

Binti alisukuma karatasi kwangu. Mara ile nilisaini haraka, kwa sababu nilikuwa najua nasaini uongo. Leo kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka binti akauliza kama naona vizuri. Songzi akaweka mkono mgongoni kwangu, akauacha hapo.

Nilisaini. Akagonga muhuri. Tulipotoka nje, kwenye ngazi, nilimwita. Nilisema, "Songzi." Alikuwa mbele yangu hatua mbili, akageuka mara moja, haraka sana, kama mtu aliyekuwa anasubiri.

Tulisimama pale. Watu walikuwa wanatupita.

Mei 13, Jumapili

Mechi ya mwisho ya msimu. Luan alifungua kibanda, akaegemeza simu kwenye kopo la gundi, akavuta vigoda viwili. Hakutuita, alivuta tu vigoda. Songzi alikaa kimoja, mimi kingine. Zhanpeng hakuja na sikutarajia. "Songzi, sogea, unanizibia," Luan akasema, na Songzi akasogea, na wakabishana kuhusu beki wa kushoto hadi mapumziko.

Mimi nilikuwa namsikiliza mtangazaji. Sielewi Kireno, nilikuwa nangoja jina. Winga ya kushoto yuko kijana mwingine, mfupi, anakimbia vizuri. Mtangazaji aliwataja wote, wa uwanjani na wa benchi, na nikakaa mbele zaidi kwenye kigoda, nangoja.

Kila Jumapili kwa miaka kumi na mitatu kulikuwa na mtu mahali fulani anayemwita Bai. Alikuwa amerefuka, Bai. Alikuwa na mguu wa kushoto, alikuwa amepanda ndege, alikuwa anakula dagaa wa kopo na kukonda, na uwanja mzima ulikuwa unamjua kwa jina. Kwenye meza ya mwaka mpya sikuwahi kulia mbele ya bakuli lake. Nilidhani mimi ni mwanamke mgumu.

Refa alipopuliza filimbi nililia, hapo hapo kibandani, kwa sauti, kwa mtoto wa miaka mitano. Luan akazima simu. Songzi akashuka kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti, na nikamwambia nimempata yeye na namshukuru Mungu wa mbinguni nimempata, lakini nilie kwanza.

Akasema, "Lia, Mama. Na mimi nilikuwa namngoja wamtaje."

Jua. Vale Alto wamefungwa mbili bila. Huu ndio ukurasa wa mwisho wa daftari la Deshun, namwandikia kama alivyotaka yeye.

Bai: dakika sifuri.